Kuvua wolai na pachi chini ya barafu ya Ziwa Winnebago: mwongozo wa hatua kwa hatua

Ziwa Winnebago liko mashariki mwa jimbo la Wisconsin, Marekani. Ni pana, zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini hata penye kina kirefu kabisa hapafiki mita 7, na wastani wake ni mita 4.7 hivi. Wavuvi wa maziwa ya kina hutafuta mteremko au shimo ambamo samaki wamejikusanya. Hapa sehemu kubwa ya chini ni tambarare ya tope, samaki wanatembea kutwa, na kila kishindo juu ya barafu kinawafikia. Kwa hiyo fuata chakula chao, na ukishafika, tulia.

Wolai (*Sander vitreus*) ni mwindaji wa samaki wadogo. Nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga, ndiyo maana huona vizuri jioni na ndani ya maji yenye vumbi la tope. Pachi wa manjano (*Perca flavescens*) ni wa ukoo huohuo ila ni mdogo, ana mistari myeusi iliyosimama ubavuni, na hula mchana. Usimpime kwa kipimo cha sangara wa Ziwa Victoria: pachi wa sentimita 25 ni mzuri sana, na nyama yake nyeupe ni tamu kuliko ya samaki wengi wa maji baridi niliowahi kula.

Hatua ya 1: Leseni

Aliyefikisha miaka 16 anahitaji leseni ya Idara ya Maliasili ya Wisconsin, na leseni ya mwaka huisha tarehe 31 Machi. Unaruhusiwa mishipi mitatu kwa mtu mmoja. Idadi ya samaki wa kubeba hubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma kanuni za mwaka husika kabla ya kutoka nyumbani, hata kama mwaka jana ulizisoma.

Hatua ya 2: Barafu

Ndugu zangu mliohamia Oshkosh na Appleton kutoka Kongo, wengi mmekulia kando ya maji lakini si juu ya maji yaliyoganda. Tafadhali msiiruke hatua hii.

Idara haipimi unene wa barafu kwa niaba yako. Waulize wauza chambo na vyama vya wavuvi wa eneo lako asubuhi hiyohiyo. Kwa mtembea kwa miguu, kiwango cha chini ni sentimita 10 za barafu ngumu inayopitisha mwanga. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, ina karibu nusu ya nguvu hiyo, basi idai unene maradufu. Tembea na mtaimbo, piga mbele yako kila baada ya hatua chache. Ukipenya kwa pigo moja, geuka urudi kwa njia ileile uliyojia.

Hata barafu nene hapa haikai tuli. Upepo huisukuma, nyufa hufunguka, na palipopitika asubuhi pakawa maji mchana. Vyama vya wavuvi hupanga miti mikuukuu ya Krismasi kama alama za barabara juu ya ziwa, na huweka madaraja ya kuvukia nyufa. Fuata miti hiyo. Februari ongeza uangalifu, kwa kuwa huo ni msimu wa kuwinda samaki aina ya stajoni kwa mkuki. Wawindaji hukata matundu makubwa kama mlango, nayo yakiachwa hushika utando mwembamba tu. Ukiona kijiti au mti umesimama peke yake mahali pasipo barabara, pita mbali nacho.

Vaa jaketi la kuokolea maisha, na uvae shingoni misumari miwili yenye mishikio. Ukizama, geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ndiyo ilikubeba. Piga mateke mwili ulale juu ya maji, choma misumari kwenye barafu ujivute. Ukishatoka usisimame, bingirika hadi ufike penye barafu nene. Usiende peke yako.

Hatua ya 3: Vifaa

Kekee ya barafu ya sentimita 20, upawa wa matundu wa kutolea vipande vya barafu, na fimbo fupi mbili za sentimita 60 hadi 75: moja ya mshipi mwembamba unaohimili kilo 1 hadi 2 kwa pachi, nyingine ya mshipi wa kilo 3 hivi kwa wolai. Ongeza mtego wa kibendera, ule unaokaa juu ya tundu na kuinua bendera samaki akivuta. Usipokuwa karibu nao lazima uwe na jina na anwani yako, au namba yako ya mteja wa Idara. Ukiwasha hita ya gesi ndani ya hema, acha matundu ya hewa wazi, kwani kaboni monoksidi haina harufu.

Hatua ya 4: Mahali

Tope la Winnebago limejaa mabuu mekundu ya nzi wa ziwa, *Chironomus plumosus*. Ni jamaa wa wale wadudu wanaoinuka kama moshi juu ya Ziwa Victoria, na hapa pia Mei huinuka kwa wingi wa kutisha. Wakati wa baridi bado wamo topeni, na pachi huwafuata. Barafu ya mwanzo jaribu miamba ya karibu na ufuko wa magharibi, baadaye sogea kwenye tambarare za tope.

Toboa matundu yako yote kwa mkupuo, kumi au zaidi, umbali wa hatua nane hivi, kisha yaache yatulie. Sona, kifaa kinachoonyesha samaki kwa mawimbi ya sauti, yenye pembe ya nyuzi 20 kwenye mita 4 za maji inakuonyesha duara la mita 1.4 tu, hivyo tundu moja ni kipande kidogo mno cha ziwa. Pita kwa zamu. Tundu lisilotoa dalili kwa dakika kumi, hama. Gari liache mbali, na usiburute vitu.

Hatua ya 5: Pachi, mchana

Tumia ndoana ndogo yenye kichwa cha tangsteni cha milimita 3 hadi 5, rangi nyekundu, na funza mmoja au wawili. Igusishe chini, itimue tope kidogo, kisha iinue taratibu kwa kiganja kimoja. Pachi hudokoa kwa upole, kwa hiyo tazama ncha ya fimbo badala ya kungoja kuvutwa. Ukimpata mmoja rudisha mshipi majini haraka, kundi lipo chini yako na halikai.

Hatua ya 6: Wolai, jioni

Saa moja kabla ya jua kuzama uwe umetulia. Tega kibendera chenye kisamaki hai, sentimita 30 juu ya tope. Fimboni weka kijiko cha chuma cha gramu 4 hadi 7 chenye kichwa cha kisamaki. Kiinue kwa nguvu mara mbili tatu kumwita, kisha kitulize kabisa. Samaki akionekana kwenye sona, kitetemeshe huku ukikipandisha polepole, kwani wolai hushambulia kinachomkimbia. Akishika, mwinue kwa mkono thabiti bila kulegeza mshipi, na umwelekeze kichwa kwanza kwenye tundu.

Hatua ya 7: Baada ya kuvua

Samaki wa kina hiki kifupi hapasuki kibofu cha hewa akipandishwa, hivyo mdogo ukimrudisha ana nafasi nzuri ya kuishi. Mrudishe papo hapo. Akilazwa juu ya barafu, macho na matamvua yake huganda kwa muda mfupi sana. Jihadhari na miiba ya pezi la mgongoni.

Samaki hai usiwatoe ziwani, na kanuni za visamaki vya chambo vilivyobaki zifuate neno kwa neno. Mwaka 2007 virusi vya VHS, vinavyoua samaki kwa kuwavujisha damu ndani, viligunduliwa katika ziwa hili, na maji ya ndoo yako yanaweza kuvipeleka ziwa jingine.