Lugha ya wazee nyumbani: anzia kwenye sinki, daftari baadae

Wengi tukitaka kufufua lugha ya asili tunakimbilia orodha, rangi, namba, majina ya wanyama, mtoto anakariri siku kadhaa alafu inaishia hapo manake hana pa kuitumia. Mi naona bora mchague shughuli moja tu, tuseme kuosha vyombo, na mkubaliane kabisa kwamba hapo lugha nyingine hairuhusiwi.

Sasa kaa uwaze mkiosha vyombo huwa mnasemaje. Lete sahani, hii bado chafu, suuza tena, maji yamepoa, angalia usivunje, haya tumemaliza. Sentensi kama kumi hivi zinatosha kuanza. Kama bibi au babu yupo na anaongea, usimhoji neno moja moja, osha naye vyombo huku simu inarekodi (muombe ruhusa kwanza), utapata mpaka anavyoguna maji yakiwa ya baridi na anavyomhimiza mtoto, na hivyo vineno vidogo kamusi huwa haina. Usiku sikiliza, mzazi ujifunze kwanza, kesho mnaitumia. Ikishazoeleka hamieni kuoga, kula, kulala.

Mtoto akijibu kwa lugha aliyozoea usimkatize, rudia alichosema kwa lugha yenu alafu endeleeni. Kumcheka matamshi ndo kunamfunga mdomo kabisa, kwa hiyo mashangazi na wajomba waambieni mapema. Na lugha isiwe ya kuamrisha tu jamani! Akianguka mbembeleze kwa hiyo hiyo, mkitaniana iwe hiyo hiyo.

Chaja, friji na vitu kama hivyo, kama hamna jina lake undeni au mkope tu, msikwame hapo.

Na hata kama hamna mzungumzaji aliyebaki bado inawezekana. Wamyaamia, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliishiwa wazungumzaji wa lugha yao kabisa karne ya 20, lakini kuanzia miaka ya 1990 mmoja wao, Daryl Baldwin, aliijifunza kupitia maandishi ya zamani na kazi ya mwanaisimu David Costa, yeye na mkewe wakawalea watoto wao wanne wakiisikia nyumbani. Kwa hiyo tafuteni kamusi za wamisionari, tafsiri za Biblia, rekodi zilizohifadhiwa vyuoni, ila mkizipata msizisome kama kitabu cha shule, chomoeni zile sentensi za sinki kwanza, ziandikeni kwa herufi kubwa na mzibandike ukutani pale pale mnapooshea.