Kabla hujapanda mitsuba kwenye roshani yako Japani

Mitsuba haina ubishi. Ni mboga ya kivuli, ukoo mmoja na giligilani na karoti, yenye majani matatu matatu kwenye kila kikonyo, na jina lake ndilo hilo hilo, majani matatu. Roshani yangu hapa Saitama inatazama kaskazini. Nyanya zilinifia, mchicha ukarefuka kama uzi ukalala, mitsuba ikajaa. Ikipigwa jua kali ndiyo inageuka njano na kuwa ngumu. Kwa hiyo mmea haukunisumbua hata siku moja. Kilichonitoa jasho ni roshani, halafu udongo.

Kwetu ukipanga chumba, hata kama ni uani Buguruni, ukiweka makopo yako ya mchicha ukutani mwenye nyumba atakuja kuomba fungu la kupikia, basi. Nami nikaja na akili hiyo. Kodi nimelipa, reikin nimetoa (ile pesa ya kumshukuru mwenye nyumba ambayo hairudi), nikaona roshani ni yangu. Nikapanga makasha sita: manne nikayaegemeza kwenye ubao mwembamba unaonitenga na jirani, mawili nikayaweka juu ya mfuniko wa chuma sakafuni, maana pale palikuwa sawasawa.

Hapo nisikilizeni vizuri. Roshani ya jengo la ghorofa Japani si yako. Unaitumia peke yako, lakini kwa kanuni ni sehemu ya wote, na ndiyo njia ya kukimbilia moto ukiwaka. Ule ubao umewekwa mwepesi makusudi, uvunjike kwa teke, na umeandikwa kabisa: wakati wa dharura vunja hapa upite kwa jirani. Ule mfuniko una ngazi ndani, ya kushukia roshani ya chini. Miaka miwili nimeanika nguo mbele ya maandishi hayo, kanji, yaani herufi zao, sijui, na kuuliza sikuuliza.

Vifaa vya kuzuia moto hukaguliwa kila miezi 6. Mkaguzi alivua viatu, akapita kwa ubavu kati ya makasha yangu, akapiga picha, akanishukuru mara tatu, akaenda zake. Nikajua mambo safi. Siku ya nne nakuta barua kwenye sanduku: picha ya mitsuba yangu imezungushiwa duara jekundu, na siku 7 za kuondoa kila kitu.

Wajapani hapa ndipo wananishinda. Angekuwa mkaguzi wa kwetu angefoka pale pale, tungebishana, mwisho tungeyasogeza makasha pamoja. Huyu aliniinamia na kutabasamu, barua ikafuata. Sisemi ni wanafiki. Nadhani kwao kumsema mtu usoni ndiko kukosa adabu. Ila mgeni asidhani kwamba asiyemsema ameridhika.

Basi nikasema namwaga udongo. Wapi? Manispaa nyingi hazizoi udongo, wala hazikubali uuite taka. Nilijifanya mjanja, nikauchanganya na taka za kuchomwa. Malori yalipopita mfuko wangu ulibaki peke yake njiani, umebandikwa karatasi, na jirani wote wanaujua ni wa nani. Bustani ya umma usithubutu, mtoni usithubutu. Wiki tatu nililala na lita 70 za udongo kando ya godoro. Baadhi ya maduka ya vifaa vya bustani hupokea udongo wa zamani ukinunua mpya kwao. Uliza hilo kabla hujanunua mfuko wa kwanza. Narudia: kabla.

Na nyie ndugu zetu wa nyumbani, tunawapenda, lakini mbegu hizo muwe mnaziacha. Mamdogo alikuja na mchicha na mnavu kwenye fundo la kanga, anamwambia ofisa uwanja wa ndege, "Mwanangu, ni mboga tu." Bila cheti cha afya ya mimea, kile kile mnachokijua cha TPHPA ya Tanzania au KEPHIS ya Kenya, mbegu haiingii, hata kijiko kimoja, hata iwe zawadi. Alinyang'anywa akaachiwa aende, na hiyo ni bahati, kwa sababu sheria yao inafika kifungo cha miaka 3.

Kupanda kwenyewe hakuna hadithi: majira ya kuchipua nyunyiza mbegu juu ya udongo mbichi, usizifukie kwa sababu zinataka mwanga, usiache pakauke, utaona miche baada ya wiki mbili hivi. Ukikuta kiwavi wa kijani mwenye mistari myeusi ni mtoto wa kipepeo, mtoe kwa mkono.

Siku hizi sigusi udongo. Nanunua mitsuba supamaketi, ile inayouzwa na mizizi yake kwenye sponji, nakata majani nikiacha vidole viwili vya shina, sponji naliweka kwenye kikombe cha maji dirishani jikoni. Inachipua tena. Wajapani huitupia kwenye supu na kwenye wali wa kuku na mayai. Mimi naikatia kwenye mchuzi wa kuku nikishaepua, maana ikichemka harufu yote inakwenda.

Mfuko mmoja wa udongo bado uko chini ya kabati la viatu. Duka linaupokea, ila mpaka ninunue mwingine.