Namna ya Kuhiji kwa Miguu Kutoka O Cebreiro Hadi Santiago de Compostela

Anayetaka kuliendea kaburi la Mtume Yakobo, huko Santiago de Compostela, kwa miguu, na hana mwezi mzima wa kuvuka Hispania ya kaskazini, kwa kawaida huelekezwa aanzie mji wa Sarria, kwa kuwa cheti cha hija, kiitwacho Compostela, hupewa aliyetembea angalau kilomita 100 hadi Santiago. Mimi namshauri aanzie nyuma zaidi, O Cebreiro, kijiji cha nyumba za mawe kilichoko kwenye kimo cha takriban mita 1,300. Huko ndiko alikohudumu Padre Elías Valiña, ambaye katika miaka ya 1980 alipaka mishale ya rangi ya manjano inayomwongoza hujaji hadi leo.

Aliye na pasipoti ya Kenya au Tanzania aombe mapema visa ya Schengen, yaani ile ya kuingia Hispania na nchi jirani za Ulaya. Viatu viwe vimeshazoea miguu, mzigo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili, na koti la mvua lisikosekane hata mwezi wa Julai. Chukua pia kijitabu cha hujaji, ambacho hugongwa mihuri makanisani, kwenye malazi na hata mikahawani ili kuthibitisha kwamba umetembea. Hakikisha unapata mihuri miwili kila siku.

Ukishuka kutoka O Cebreiro hadi mji mdogo wa Triacastela, njia hugawanyika. Fuata ile ya Samos, ingawa ni ndefu zaidi, kwa sababu inapita kwenye monasteri kongwe ya watawa Wabenedikto. Vijiji vya eneo hili ni vya nyumba chache, vyenye maghala ya nafaka yaliyoinuliwa juu ya nguzo za mawe ili panya wasiyafikie, na ng'ombe hupitishwa katika njia ileile ya mahujaji: simama pembeni, uwapishe, umsalimu mchungaji. Vingi havina duka, basi beba mkate na maji.

Ukifika Portomarín, litazame kanisa la Mtakatifu Nikolao, lililohamishwa jiwe kwa jiwe kabla kijiji cha zamani hakijafunikwa na maji ya bwawa la Belesar katika miaka ya 1960. Malazi ya umma ya Galicia, jimbo hili la Hispania, hupokea kwa kufuata aliyetangulia kufika, kwa hiyo ondoka alfajiri.

Kutoka kilima cha Monte do Gozo utaiona minara ya kanisa kuu la Santiago. Mkoba mkubwa hauruhusiwi kanisani. Uache kwanza mahali pa kulala, kisha uende kwenye Misa ya mahujaji.