Kwato kabla ya mvua: mambo ya kuandaa mapema kwa wafugaji wa kusini

Mvua za Mtwara na Lindi huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, zikaendelea hadi Aprili. Mwenye mbuzi, kondoo au ng'ombe ajipange kabla ya hapo. Tope likishajaa zizini, kilichobaki ni kukimbizana na ugonjwa wa kuoza kwato.

Anayeozesha kwato ni bakteria aitwaye Fusobacterium necrophorum. Anaishi tumboni mwa wanyama wenyewe na hutoka na kinyesi, kwa hiyo usidhani utamfagia akaisha. Ngozi nzima haimpi njia. Anachosubiri ni ngozi iliyolainishwa na tope na mkojo, au kijeraha katikati ya kwato, kisha kizibwe na uchafu, maana bakteria huyu hastawi penye hewa. Akikutana hapo na mwenzake, Dichelobacter nodosus, ukwato huanza kubanduka na kunuka.

Basi anza na zizi. Chimba mfereji wa kutoa maji na zoa samadi yote. Banda la mbuzi liinuliwe, sakafu ya mbao au mianzi iwe na nafasi za kama sentimita 1.5 ili kinyesi kidondoke bila mguu kunasa. Ukiwapeleka shambani baada ya kuvuna mbaazi, kata visiki hadi usawa wa ardhi au ving'oe. Vile vilivyokatwa mshazari huchoma katikati ya kwato, na tundu dogo kama hilo linatosha.

Kwato ndefu zipunguzwe wiki mbili au tatu kabla ya mvua. Ukiona rangi ya waridi, simama, damu iko karibu. Mbuzi wa mnadani akae peke yake wiki tatu, hata kama anatembea vizuri.

Mrututu (salfeti ya shaba) ununue sasa. Josho la miguu ni asilimia 5: gramu 500 kwa lita 10 za maji. Beseni la mita 1 kwa nusu mita, likijazwa sentimita 10, linabeba lita 50, yaani kilo 2.5 za mrututu. Tumia plastiki au saruji, kwa sababu mrututu hula chuma. Osha kwato kwanza, la sivyo tope na kinyesi vitaimaliza nguvu dawa. Wanyweshe maji kabla ya kuwapitisha: mwenye kiu atakunywa josho, na shaba ni sumu, kwa kondoo zaidi. Wakitoka wasimame mahali pakavu hadi kwato zikauke. Maji yaliyobaki yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni. Na salfa ya mikorosho si mrututu. Usiwanyunyizie.

Sasa hili la kufunga mguu, ambalo kila masika linaua mbuzi ambao wangepona. Mtu anaona mbuzi anachechemea. Anaosha kidonda, anapaka grisi au oili chafu, anafunga kitambaa, juu yake mfuko wa nailoni ili tope lisiingie. Amefanya kwa huruma kabisa. Siku mbili tatu baadaye mbuzi hakanyagi tena, anapiga magoti kula. Nailoni ikifunguliwa harufu inajaza banda, nyama katikati ya kwato imekuwa ya kijivu, na usaha umepanda hadi kwenye kiungo. Ukifika kwenye kiungo, mara nyingi kinachofuata ni kisu cha kuchinjia. Kilichotokea ni kwamba grisi na nailoni vimefukuza hewa, bakteria akapata kile alichokuwa anakitafuta. Kwa hiyo kidonda kiache wazi: osha, kata sehemu ya ukwato iliyobanduka ili hewa iingie, tia mrututu au dawa ya kupuliza, kisha mfungie mahali pakavu angalau siku nzima. Vipande ulivyokata vichome.

Sindano ya antibayotiki apige mtaalamu wa mifugo, na mapema. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito, hivyo mbuzi wa kilo 30 anapata 3. Ukiuziwa jentamaisini kwa ugonjwa huu, ikatae: dawa hiyo huhitaji oksijeni ili ipenye ndani ya bakteria, na huyu anaishi pasipo oksijeni. Siku za kusubiri maziwa na nyama zimeandikwa kwenye chupa, ziheshimu.

Wakati wa mabibo, usiwaachie chini ya mikorosho siku nzima. Sukari nyingi ya ghafla, sawa na pumba nyingi, huchachusha tumbo na kuchubua ukuta wake. Bakteria yuleyule hupita hapo hadi kwenye ini na kuweka majipu, nawe hutajua mpaka siku ya kuchinja.

Wengi wakichechemea kwa pamoja, wakitoa udenda na malengelenge mdomoni, huo ni ugonjwa wa miguu na midomo. Mwite afisa mifugo na usihamishe hata mmoja.

Vaa glovu, nawa kwa sabuni. Binadamu naye ana bakteria wa ukoo huu kinywani na kooni mwake, hahitaji kuambukizwa na mbuzi. Kijana mwenye kidonda cha koo ambaye badala ya kupona anapata homa ya kutetemeka, shingo kuvimba upande mmoja au kifua kuuma, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: huenda mshipa wa shingoni umeganda damu yenye bakteria. Daktari Mfaransa André Lemierre aliueleza ugonjwa huo mwaka 1936, na bado unaua anayecheleweshwa nyumbani kwa maji ya chumvi.