Fesho kwanza au sindano kwanza? Ninavyopanga tarehe za wateja wangu

Mama mmoja alikuja kwangu siku kumi kabla ya arusi ya bintiye. Alikuwa ameshalipia sindano za mikunjo ya paji la uso kwa daktari, na kwangu alitaka fesho ya kina pamoja na asidi za kung'arisha. "Mwanangu, nipangie vyote wiki hii hii nimalize," akasema. Nilimfanyia usafi mwepesi wa uso tu, hayo mengine nikamwomba tuyaache hadi shughuli ipite. Aliondoka amenuna, na mimi niliumia kwa sababu angekuja wiki sita mapema angepata vyote vitatu bila wasiwasi.

Mimi sichomi sindano. Ninashughulika na ngozi ya juu, na daktari anashughulika na misuli iliyo chini yake. Matatizo mengi ninayoyaona saluni hayatokani na sindano yenyewe wala fesho yenyewe. Yanatokea kwa sababu vitu viwili vizuri vimefanyika siku zilezile. Kwa hiyo shika kalenda, tupange.

Kabla ya tarehe, ielewe dawa

Watu wote huiita Botox, lakini hilo ni jina la dawa ya kampuni moja. Zipo pia Dysport na Xeomin. Zote zina sumu ya botulinamu aina A kwa kiasi kidogo sana, na kazi yake ni kuzuia neva isitoe asetilikolini, kemikali inayouambia msuli ukaze. Msuli usipokaza, ngozi iliyo juu yake haijikunji.

Haifanyi kazi papo hapo. Wengi huanza kuona tofauti kati ya siku ya 3 na ya 5, matokeo kamili huonekana wiki ya pili, kisha dawa hukaa miezi 3 hadi 4. Mpangilio wangu wote umesimama juu ya namba hizo, na ile siku ya 14 ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

Hatua ya 1: Anza na shughuli, rudi nyuma

Tuseme arusi ni Jumamosi tarehe 19 Desemba. Usiulize "nianze lini?" Uliza "nimalize lini?" Sindano nitaziweka Jumamosi tarehe 7 Novemba, wiki sita kabla. Ukaguzi wa daktari utakuwa tarehe 21 Novemba. Kama upande mmoja wa nyusi umepanda kuliko mwingine, daktari ataongeza kidogo, na nyongeza hiyo nayo inahitaji wiki mbili zake. Hapo tumefika tarehe 5 Desemba, bado tuna nafasi ya kupumua. Anayechomwa wiki moja kabla ya arusi atakwenda ukumbini huku dawa haijamaliza kazi, na kama ana alama ya damu iliyovilia, ataingia kwenye picha nayo.

Hatua ya 2: Vitu vikali, wiki mbili kabla ya sindano

Asidi za kuondoa ngozi iliyokufa, leza na kile kifaa cha sindano ndogondogo vimalizike tarehe 24 Oktoba au kabla. Ngozi inahitaji kupona na kufunga kabla ya kutobolewa tena. Kwa ngozi nyeusi hili si la mzaha. Kila tunapoichokoza ikiwa bado imewaka, inajibu kwa kutoa rangi, na doa jeusi la mwezi mmoja linaweza kukaa miezi sita.

Kama unatumia mkorogo, niambie. Sitakugombeza. Ngozi iliyotumia krimu za kujichubua kwa muda mrefu huwa nyembamba na hubabuka upesi, hivyo asidi sitakuwekea kabisa mpaka tuipumzishe, na daktari naye anapaswa kujua.

Hatua ya 3: Fesho ya kina na kutinda nyusi, siku 3 hadi 5 kabla

Huu ndio wakati wa mvuke, skrabu na kukamua chunusi. Kwa kalenda yetu ni Jumanne au Jumatano ya tarehe 3 na 4 Novemba. Nyusi nazo zitindwe siku hiyo, iwe kwa uzi au kwa waksi, maana waksi huvuta ngozi palepale daktari anapokuja kupachoma. Siku tatu zinatosha vijitundu kujifunga na wekundu kuisha. Kama usiku wa kuamkia sindano umeota chunusi yenye usaha katikati ya nyusi, usiiminye. Mwonyeshe daktari, yeye ndiye atakayeamua kama asogeze tarehe.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Nenda bila vipodozi. Mwambie daktari kama una mimba au unanyonyesha, kama una ugonjwa wowote wa misuli au neva, na kama unatumia antibayotiki, hasa sindano za gentamicin, kwa sababu zinaweza kuongeza nguvu ya dawa hii. Dawa za kuyeyusha damu ulizoandikiwa hospitali usiziache kwa uamuzi wako. Kuwa na alama ya damu usoni ni kitu kidogo kuliko kuganda kwa damu.

Omba uone chupa. Ni chupa ndogo yenye unga mkavu kidogo mno, mara nyingi hutunzwa baridi, na huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali. Uliza kama imesajiliwa, kwa mamlaka ya dawa, TMDA, hapa Tanzania au kwa Bodi ya Famasia na Sumu kama uko Kenya. Mwaka 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa onyo kuhusu Botox bandia baada ya watu kuugua, wengine wakalazwa. Sindano ya sebuleni kwa mtu asiye na taaluma ya tiba, hata akiwa shoga yako wa miaka mingi, ikatae.

Ukitoka hapo utaona vivimbe vidogo kama umeumwa na mbu. Vinashuka vyenyewe, mara nyingi ndani ya saa moja. Usivisugue. Kwa saa 4 kaa wima, usilale wala kuinama kwa muda mrefu. Kwa saa 24 acha mazoezi, sauna, mvuke, na kuinamia jiko la mkaa au chetezo cha udi.

Wateja wangu Waislamu huniuliza kuhusu kusujudu, na ni swali zuri. Mimi huwashauri waombe miadi ya saa 2 asubuhi. Zile saa 4 zinaisha kwenye saa 6 mchana, na Adhuhuri inakukuta salama. Hata hivyo paji la uso liguse msala kwa upole siku hiyo.

Vitu vingine viwili husahaulika. Helmeti ya bodaboda inabana palepale kwenye paji la uso, kwa hiyo rudi nyumbani kwa bajaji au teksi. Usipande pikipiki bila helmeti kwa sababu ya sindano. Na ile kofia ya ndani ya ushungi, au kilemba kilichokazwa, kilegeze hadi kesho yake.

Hatua ya 5: Siku 14 za kuuacha uso

Hapa nitakaa kidogo.

Jioni ya kwanza nawa uso kwa maji ya uvuguvugu na viganja vyepesi, kaushia taulo laini kwa kugusa, usifute. Kesho yake vipodozi vinaruhusiwa. Retinoli (krimu ya vitamini A) na asidi zako za nyumbani ziache usiku huo wa kwanza na wa pili, kisha rudi taratibu. Krimu ya kukinga jua usiikose hata siku moja.

Kusinga uso, yaani masaji, mimi sifanyi kabla ya siku ya 14. Wapo madaktari wanaoruhusu fesho baada ya siku moja au mbili, na wana hoja, kwa kuwa dawa huingia kwenye neva ndani ya saa za mwanzo. Lakini tazama mkono wa msingaji unavyotembea. Vidole gumba viwili vinaanzia katikati ya nyusi, vinakandamiza kwenda juu, vinafunguka kuelekea kwenye panja, vinashuka pembeni ya macho, halafu vinarudi. Ni njia ileile ya sindano. Kusubiri wiki mbili hakunigharimu kitu, wala wewe hakukugharimu.

Nina sababu nyingine. Miaka yangu ya mwanzo mteja alilala kitandani kwangu mchana, nikamsinga uso dakika ishirini na kumwekea mvuke. Alipoinuka ndipo akaniambia kwamba asubuhi alichomwa sindano. Siku chache baadaye kope la kushoto lilishuka, jicho likawa kama la mtu mwenye usingizi. Kope linaweza kushuka hata bila masaji, dawa ikiufikia msuli unaoliinua, kwa hiyo sijui kama ni mikono yangu. Ninachojua ni kwamba sikuwa nimemuuliza. Nilimrudisha kwa daktari wake, akapewa matone ya macho, na kope lilipanda lenyewe baada ya wiki kadhaa. Niliona aibu kila alipopita mlangoni kwangu. Tangu hapo swali la kwanza kwenye daftari langu, kabla hata ya jina la mafuta anayotumia, ni hili: "Umechomwa sindano yoyote usoni mwezi huu?" Ukienda saluni wasipokuuliza, waambie mwenyewe.

Katika siku hizo pia usikubali kusukwa nywele za mbele kwa kukazwa hadi paji la uso linavutika. Masaji ya mwili inayokulaza kifudifudi, uso ukiwa kwenye tundu la kitanda, nayo ingoje wiki moja au mbili.

Hatua ya 6: Kurudi kazini

Daktari akishakukagua tarehe 21 Novemba na kuridhika, tunaanza na fesho nyepesi: kusafisha, barakoa ya unyevu, mikono laini. Leza, asidi na sindano ndogondogo sasa zinawezekana, ila karibu hivi na arusi mimi siweki kitu kikali ambacho ngozi yako haijawahi kukionja.

Hatua ya 7: Singo na liwa

Kuanzia Jumatatu ya tarehe 14 Desemba uso uko huru kwa singo, ule mchanganyiko wa kunukia wa kusugulia mwili. Mwambie somo, yule anayekuandaa, asiusugue uso kama anavyosugua mgongo. Kama liwa (unga wa mti wa kunukia) au manjano hujawahi kupaka usoni, jaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla. Siku tatu za mwisho usiweke kipya chochote, hata kama shangazi amekileta kutoka Muscat.

Kama umejaza mashavu au midomo

Vijazo vya asidi ya hialuroni ni kitu tofauti. Vinakaa mahali pake kama jeli na huvimba siku za mwanzo, kwa hiyo hapo nasubiri wiki mbili kamili na sikandamizi kabisa bila ruhusa ya aliyechoma. Ngozi ikigeuka nyeupe au ya zambarau yenye madoa, maumivu yakazidi, au macho yakaona ukungu, usije kwangu. Rudi kwa daktari saa hiyohiyo.

Kwa sindano za mikunjo, dalili za kukukimbiza hospitali ni shida ya kumeza, kuongea au kupumua, au mwili kulegea, hata kama siku kadhaa zimepita tangu uchomwe.

Mzunguko unaofuata

Mikunjo itaanza kurudi kati ya Februari na Machi. Wiki misuli inapoanza kuamka, na kabla hujarudi kwa daktari, ndiyo napenda kuweka asidi au sindano ndogondogo: hakuna dawa mpya usoni, hakuna arusi mlangoni, na ngozi ina wiki mbili zake za kupona. Njoo na tarehe ya daktari imeandikwa, tuhesabu kurudi nyuma.