Ukija Kigoma, usiishie ufukweni

Wageni wengi wanaoshuka treni stesheni ya Kigoma huwa na mpango ule ule: kuliona Ziwa Tanganyika, kupanda boti kwenda Gombe kwa sokwe, kupiga picha Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, basi, safari imekwisha. Siwalaumu. Ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1,470, lazima likuvute. Lakini mimi ni mwalimu wa baiolojia, mzaliwa wa Ujiji, na maji ninayopenda kuwapeleka wanafunzi wangu ni yale ambayo wageni hawayaulizii: majaruba na matete ya mto Luiche, mafunjo ya mto Malagarasi, madimbwi yanayobaki baada ya masika. Huko ndiko samaki wengi wanakotagia, ndiko tope la mto linakotua kabla maji hayajaingia ziwani, na ndiko ndege walikojaa. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia hivi.

Panga majira kwanza. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuishia Mei mwanzoni. Machi na Aprili mabonde yanakuwa yamefurika, njia za shambani hazipitiki, na bodaboda hata akikubali kukupeleka mtaishia kuisukuma pikipiki. Mimi huchagua kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba. Maji yanakuwa yanarudi nyuma, samaki wanabanana kwenye vidimbwi, na ndege wanawafuata hapo hapo. Unakaa mahali pamoja unaona mengi. Anayetaka ndege wahamaji, wale wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, aje Novemba hadi Februari na akubali kulowa. Kiangazi nacho kina shida yake: upepo wa kusini huongezeka kadiri jua linavyopanda, na ziwa likichafuka si la kuchezea. Safari yoyote ya majini ianze alfajiri.

Anzia mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mjini. Najua nimesema usiishie ziwani, lakini ukitaka kuelewa kwa nini matete yana maana, lazima kwanza uone watu wanaishi kwa kutegemea nini. Fika saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ya dagaa inaporudi. Kabla hujaweka kengele ya simu, tazama kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawavuta juu, wavu unawazoa. Siku za mbalamwezi taa hazina nguvu, wavuvi wengi wanapumzika, na wewe utakuta mwalo umepoa. Njoo siku za giza. Utaona akina mama wanapokea dagaa kwa ndoo, wanawaanika kwenye vichanja na mchangani, wanawageuza kwa mikono huku jua likipanda. Chukua mmoja uweke kiganjani: mwembamba, ubavuni kuna mstari wa fedha, na akiwa mbichi kabisa unaweza karibu kuona ndani yake. Huyo ndiye chakula cha migebuka, na migebuka na dagaa kwa pamoja ndio kitoweo cha mkoa mzima, hadi ng'ambo Kongo na Burundi.

Uliza pia kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na miezi hiyo mwalo ulikuwa kimya. Wako walionung'unika, na nawaelewa, maana ada ya shule haisubiri. Hata hivyo naamini ule ulikuwa uamuzi wa lazima. Samaki hawezi kuzaa ndani ya wavu.

Adabu ya mwaloni ni rahisi. Salimia kwanza, ukiweza kusema "mwakeye" asubuhi, Waha watakufungukia. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa ya akina mama walio kazini. Ukisimama katikati ya njia ya wabeba ndoo, utaondolewa, na ni haki yao.

Sasa Luiche, na hapa naomba unisikilize vizuri maana ndipo roho yangu ilipo. Mto Luiche unaingia ziwani kusini ya Ujiji, na kabla ya kufika unatawanyika ukafanya bonde pana la mpunga, matete na mafunjo. Chukua bodaboda kutoka Ujiji, mwambie unakwenda bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Ukishuka usianze kutembea ovyo. Mtafute mkulima, mweleze unatafuta ndege, muombe akupitishe kwenye kingo za majaruba. Mkulima anajua kingo ipi imelika, wapi maji yana kina, na usiku uliopita kiboko alipita wapi.

Kiboko si wa kupuuzwa. Mchana yuko majini au kwenye matete, jioni anatoka kula na alfajiri anarudi. Ukiona njia pana iliyolala nyasi, yenye nyayo za vidole vinne, hiyo ni barabara yake. Usiifuate, na usisimame kati yake na maji. Ukingo wa mto wenye maji mazito yasiyoonekana chini, kaa mbali nao hatua kadhaa kwa sababu ya mamba. Ndiyo maana nasema ingia bondeni jua likiwa limeshachomoza na utoke kabla halijaanza kuzama, na kamwe usiende peke yako.

Ukishapata mahali penye maji yaliyotulia na mayungiyungi, kaa chini. Kaa kweli, nusu saa bila kusogea. Wanafunzi wangu dakika za mwanzo huwa wanalalamika hakuna kitu, kisha bonde linaanza kuwazoea. Yangeyange wanarudi. Mdiria mweusi kwa mweupe anatua juu ya kijiti, anaelea hewani akipiga mbawa, kisha anajitupa majini kichwa mbele. Fundichuma anatembea pembezoni akikorogakoroga tope kwa mguu.

Halafu kuna sile-maua, na kwa ajili yake peke yake ningekwenda Luiche kila wiki. Ni ndege wa rangi ya kahawia, ana kipaji cha buluu na vidole virefu mno, ndivyo vinavyomwezesha kutembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Jike hutaga, kisha anakwenda zake kwa dume mwingine. Kuatamia na kulea ni kazi ya baba. Ukiwa na bahati utamwona baba na vifaranga wake wakidonoa wadudu kwenye majani. Kivuli cha mwewe kikipita, baba anachuchumaa na kufungua mbawa kidogo, vifaranga wanajisogeza chini yake, naye anawabana na kusimama. Anaondoka haraka juu ya majani, na chini ya mbawa zake imening'inia miguu mirefu isiyo yake, jozi mbili au tatu. Darubini ya bei ndogo inatosha kuona hayo yote. Ukikosa darubini, ukimya utakusogeza karibu vya kutosha.

Watu wengine watakuelekeza bwawa la Katubuka kwa sababu liko mjini. Ndege wapo, sikatai. Lakini maji ya bwawa lile yamepanda na kuzingira nyumba za watu, na sioni vema kwenda kutalii kwenye ua wa mtu aliyehamishwa na mafuriko. Pita, wape watu pole, endelea na safari.

Siku nyingine nenda Ilagala, kwenye Malagarasi ya chini, mahali ambapo watu wamevuka mto kwa kivuko miaka mingi. Njiani utapita katikati ya michikichi, na ukipenda nunua mawese kwa mwenyewe aliyekamua. Mtafute mwenye mtumbwi kupitia kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, wenyewe wanakiita BMU. Wanajua nani mwangalifu. Kinachonivuta Malagarasi ni historia yake. Mto huu ni mzee kuliko ziwa. Kabla ardhi haijapasuka na bonde la ufa kujaa maji, ulikuwa unatiririka kuelekea Kongo, na hadi leo una aina za samaki ambazo utazikuta Kongo lakini ndani ya ziwa lililo katikati hazimo. Nikiwafundisha wanafunzi jambo hilo darasani wanaandika tu. Nikiwasimamisha ukingoni mwa mto wanaanza kuuliza maswali, na mengine hayamo kwenye kitabu.

Safari kubwa ni ya juu zaidi, kwenye mbuga za maji za Malagarasi na Muyovozi. Hili ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000: kilomita za mraba 32,500, yaani eneo kubwa kuliko nchi nzima ya Burundi. Mkataba wenyewe ulitiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, na ofisi zake ziko Gland, Uswisi, kando ya ziwa lao la Geneva. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba kuna watu Uswisi wana jalada lenye jina la Malagarasi, na sisi tulio siku moja ya safari wengi hatujaiona.

Ukipanda treni kati ya Tabora na Kigoma, kaa dirishani kuanzia Kaliua hadi Uvinza. Nguruka ndipo pa kushuka kama unataka kuulizia ziwa Sagara na Nyamagoma; utapajua kwa harufu ya samaki wakavu sokoni. Huku kuna nzohe, swala anayeishi majini, ana kwato ndefu zinazotanuka asizame kwenye tope. Kuna kambale na kamongo. Na anayemla kamongo ndiye watu wanaovuka bahari kumtafuta: korongo-nyangumi. Ni wa kijivu, kimo chake ni kama cha mtoto wa darasa la pili, mdomo mpana kupita kiasi wenye ndoana nchani. Anaweza kusimama saa nzima bila kugeuza shingo, akimsubiri kamongo aje juu kuvuta hewa. Siwezi kukuahidi kwamba utamwona. Anakaa ndani kabisa ya mafunjo, na ndege akisumbuliwa kwenye kiota anaweza kukitelekeza. Mwongozaji akisema tusisogee zaidi, msisogee.

Sehemu kubwa ya huko, pamoja na pori la akiba la Moyowosi, iko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, kwa hiyo kibali ni lazima. Usimfuate mtu anayekwambia anajua njia ya kuingilia kwa nyuma. Upande wa Tabora kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa 2019, ambayo maji yake nayo yanaingia Malagarasi. Hiyo ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukifika maeneo hayo kiangazi utaona pia moshi. Watu wanachoma mafunjo wapate malisho, wanakata miti ya kukaushia tumbaku, wengine wanavua kwa vyandarua vya mbu vinavyozoa hadi vifaranga vya samaki. Inaniuma. Ukiulizwa maoni yako kijijini, sema kwa heshima ulichokiona. Mgeni aliyesafiri mbali kuja kuangalia tope lao husikilizwa.

Kuhusu afya sitazunguka. Kichocho kipo. Konokono wanaokisambaza wanaishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani, karibu na watu, na vimelea hutoka zaidi jua likiwa kali. Vaa mabuti ya mpira bondeni, usisimame peku kwenye maji ya majaruba, na kama ulilowa, baada ya wiki sita hivi kapime. Dawa yake ipo na inatibu. Ukitaka kuogelea, ufukwe wa Jakobsen upande wa Katonga una maji maangavu, na hata huko jiepushe na sehemu zenye magugu. Malaria nayo ni ya mwaka mzima: shati la mikono mirefu jioni, chandarua usiku. Beba maji ya kunywa, kofia, na mfuko wa kurudishia taka zako. Kwenye mtumbwi vaa jaketi okozi hata kama nahodha mwenyewe hana.

Popote nje ya mji, pitia kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji, uandike jina kwenye daftari la wageni. Anayekutembeza umlipe yeye mwenyewe mkononi. Bei ya mtumbwi mkubaliane mkiwa bado nchi kavu: petroli imo au haimo, mnarudi saa ngapi, na upepo ukiamka mapema mnageuza wapi.