Jinsi ya kurekebisha usukani kwenye gemu za kuendesha magari

Gari likianza kuyumba barabarani, wengi hukimbilia kuchezea wepesi wa usukani, leo wanapandisha, kesho wanashusha. Kwa wanaotumia usukani halisi, tatizo mara nyingi ni nyuzi za mzunguko, yaani usukani unazunguka kiasi gani kutoka mwisho wa upande mmoja hadi wa pili. Anza nazo.

Hatua ya 1. Kabla ya kufungua gemu, ingia kwenye programu ya usukani wenyewe kwenye kompyuta. Logitech G29 huzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu. Thrustmaster T300 hufika 1080. Acha namba hiyo kwenye kiwango cha juu.

Hatua ya 2. Ndani ya gemu, weka namba ileile, kisha ujihakikishie. Simamisha gari, chagua kamera ya dereva, zungusha usukani robo mzunguko. Ule wa kwenye skrini nao uwe umegeuka robo, si zaidi wala pungufu. Usipolingana, usisonge mbele. Angalizo kwa madereva wa Euro Truck Simulator 2: mzunguko wa usukani unaouona kwenye skrini una setingi yake peke yake, na kuibadilisha hakugusi matairi hata kidogo. Kwa hiyo usishangae picha ikikataa wakati lori linakata kona vizuri tu.

Nyuzi 900 zinatosha gari la kawaida. Magari ya mbio yenye magurudumu wazi, kama ya Formula 1, yanataka chache zaidi, 360 hivi, la sivyo utazungusha mpaka mikono ipishane.

Hatua ya 3. Ile sehemu ya katikati isiyoitikia, iweke sifuri. Ipandishe kidogo kidogo ikiwa tu gari linavuta upande hali mikono umeiachia.

Hatua ya 4. Mkunjo wa mwitikio, yaani matairi yanavyogeuka kadiri unavyosogeza usukani au kijiti: kwa usukani, uache ulionyooka. Wa gamepadi ndio wanaouhitaji, maana kijiti kina safari fupi mno. Upandishe ili mguso mdogo karibu na katikati ugeuze matairi taratibu. Kwenye kibodi kitufe ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa, kwa hiyo unachorekebisha ni kasi ya matairi kugeuka na kurudi katikati.

Hatua ya 5. Nguvu inayorudi mikononi. Hapa watu hupandisha mpaka mwisho wakidhani ndiyo uhalisia. Mota ya usukani ikishafika kikomo chake haina cha kuongeza: uko katikati ya kona kali, tairi linapanda ukingo wa barabara, na wewe husikii kitu, maana uzito ni uleule. Shusha hadi usikie ukingo huo ukigonga ukiwa bado umekata kona. Mikono haitachoka haraka pia.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ujaribu kwenye kipande kilekile cha barabara. Ukiridhika, hifadhi profaili mbili: moja ya malori, nyingine ya magari ya mbio.